Watu hawaji kwenye grupu la kufuma kujifunza tu, wanakuja ili wamalize

Muulize mtu yeyote aliyeko kwenye grupu la WhatsApp la kufuma, la sabuni, la keki au la mabegi ya kitenge kwa nini yupo mle, jibu la kwanza utakalopata ni "najifunza". Sikatai, wanajifunza kweli, ila naona hilo jibu halitoshi kueleza kwa nini mtu anakaa na simu mpaka saa sita usiku anaangalia picha za vitambaa vya watu asiowajua. Manake kama ni kujifunza tu, YouTube ipo toka 2005, mafunzo yamejaa bure, unaona mikono ya mwalimu kwa karibu, unarudisha nyuma mara unazotaka na hakuna wa kukuchoka. Sasa kwa nini mtu mwenye darasa kama hilo mkononi bado anatafuta linki ya grupu la watu mia mbili, lenye makelele, lenye picha za maua za asubuhi njema na michango ya harusi katikati ya maswali ya uzi? Kuna kitu kingine kinawavuta pale, na nataka tukitaje vizuri kwa sababu tusipokijua tunayaua haya magrupu kwa mikono yetu wenyewe, na nimeshayaona mengi yakifa hivyo.

Mimi naamini kinachowavuta ni kumaliza. Basi.

Kuanza kazi ya mkono ni rahisi sana, unaona picha nzuri, unapata hamu, unakwenda kununua uzi na sindano, usiku huohuo umeshafuma mistari kumi. Kazi inakuja baadaye. Ingia kwenye nyumba ya mtu yeyote anayefuma, vuta ule mfuko ulioko chini ya kitanda au juu ya kabati, utakuta kipande cha kitambaa cha meza kilichoishia nusu, mkono mmoja wa sweta ya mtoto ambaye siku hizi yuko sekondari, na sindano imechomekwa palepale ilipoachwa. Huyo mtu hakukosa mafunzo. Alifika mahali akakwama, hakukuwa na mtu wa kumuuliza, akaweka pembeni kwa siku mbili ambazo zikawa miaka.

Na hapa kuna utafiti ambao naupenda kwa sababu unagusa hili moja kwa moja. Watafiti watatu wa vyuo vya Marekani, Michael Norton, Daniel Mochon na Dan Ariely, walichapisha mwaka 2012 kazi yao kuhusu mtu anavyokipenda kitu alichokitengeneza mwenyewe. Waliwapa watu wa kawaida karatasi wakunje ndege na vyura kwa ufundi ule wa Kijapani wa origami, halafu wakawauliza wangelipa kiasi gani kubaki navyo. Watu wakavithamini vile vya kwao, vilivyopinda na kukunjamana, karibu sawa na vilivyokunjwa na mafundi hasa, wakati watu wengine wakiangalia vitu hivyohivyo waliona karibu ni takataka. Hii sehemu ndiyo imetembea sana, kila mtu anaisimulia, kwamba jasho lako linakufanya ukipende kitu. Lakini utafiti haukuishia hapo. Waliwapa wengine kazi ya kuunga maboksi ya IKEA, kampuni ya samani ambazo mnunuzi anaziunga mwenyewe, baadhi wakazuiwa kumalizia hatua za mwisho, na wengine waliunda vitu vya Lego, yale matofali ya plastiki ya kuchezea, halafu vikabomolewa, na kote huko yale mapenzi yakayeyuka. Yaani jasho peke yake halileti kitu, lazima kazi ifike mwisho na ibaki imesimama.

Ukishaelewa hivyo unaona grupu kwa jicho lingine kabisa. Kama raha yote ya kutengeneza kitu imefungwa kwenye kumaliza, na mtu akiwa peke yake mara nyingi hamalizi, basi kinachoweza kumvusha pale alipokwama kitavuta watu kuliko darasa lolote hata liwe zuri namna gani.

Ngoja nitoe mfano mdogo kabisa, wa duara. Karibu kila anayeanza krosheti, ule ufumaji wa sindano moja yenye ndoano, anataka kufuma kitu cha duara, kitambaa cha kuwekea glasi, kofia, mdoli, na karibu wote wanakwama mahali pamoja. Unaanza na vishono 6 katikati, mzunguko wa pili unaongeza 6 vinakuwa 12, wa tatu 18, wa nne 24, unaendelea hivyo. Ukisahau kuongeza mara moja au mbili, duara linaanza kujikunja kingo linageuka bakuli, na ukizidisha linafanya mawimbi kama sketi. Sasa mtu anayefuata vidio anaona la mwalimu limelala sawasawa mezani na lake linasimama, anarudisha vidio, anafumua, anarudia, linasimama tena, kwa sababu vidio inamwonyesha mkono uliopatia na yeye anahitaji mtu wa kuangalia wake uliokosea. Akipiga picha akaituma kwenye grupu, ndani ya dakika chache mtu anamjibu, "dada angalia mzunguko wa tano, hapo una 27 badala ya 30, fumua mpaka hapo tu usifumue yote". Hilo jibu la sentensi moja limeokoa kazi nzima, na yule aliyejibu pengine yuko Mwanza au Mombasa au Muscat na hawajawahi kuonana.

Ndiyo maana nasema YouTube na grupu si washindani. YouTube inakuonyesha namna, grupu linaiona kazi yako. Ni vitu viwili tofauti na cha pili ndicho adimu.

Halafu tusijidanganye kwamba haya mambo yameletwa na simu. Pwani yetu yote hii wanawake wamesuka ukili, ule mkanda mrefu wa majani ya mkindu unaounganishwa kuwa mkeka, pamoja miaka mingi kabla mtu hajajua intaneti ni nini. Ukindu unaanikwa, unachanwa, mwingine unachemshwa na rangi, halafu watu wanakaa barazani mchana kazi za ndani zikishatulia, kila mtu na ukili wake unazidi kurefuka taratibu huku maneno yakiendelea, na msichana anayejifunza anakaa humohumo. Bibi hasemi "leo nakufundisha somo la kwanza". Anauangalia ukili wa mtoto kwa pembeni, akiona umelegea anauchukua, anaufumua shubiri nzima bila huruma, anausuka kidogo, anamrudishia. Siku ya kuunganisha mkeka wote wanauona. Kofia za viua za Zanzibar na Lamu, zile za kutarizi kwa sindano, nazo ni vilevile, hizi ambazo ndugu zao ni kumma za Oman, moja iliyoshonwa kwa mkono inakula wiki nyingi, na hakuna mtu anayevumilia wiki zote hizo akiwa hana watu wa kumpa neno.

Sasa mjini tumepanga chumba na sebule, jirani humjui, shangazi yuko Tanga, mama yuko kijijini, na kazini unarudi saa mbili usiku. Lile baraza halipo. Mikono bado inataka kufanya kitu, na ndiyo maana mtu akipata grupu lenye watu watatu tu wanaojibu anang'ang'ania. Wanaosema watu wamekuwa watumwa wa simu wanakosea hapa, manake huyu mtu ameishika simu kwa sababu ndani yake ndimo walimo wenzake wa kazi, na sehemu nyingine hawapo.

Sifa nyingine ya baraza ilikuwa uchache wa watu, na hili wasimamizi wa magrupu hawalifikirii. WhatsApp ilikuwa inaruhusu watu 256 kwenye grupu moja, mwaka 2022 wakapandisha kuwa 512, na kabla mwaka haujaisha ikawa 1,024. Maadmini wakashangilia, wakamwaga linki kila mahali, wakajaza. Nilichokiona baada ya hapo ni kwamba magrupu mengi yalinyamaza. Namba imekua lakini wanaotuma picha za kazi mbovu wamepotea, kwa sababu mtu anaweza kuonyesha duara lake lililojikunja mbele ya watu arobaini anaowazoea majina, mbele ya watu elfu moja hawezi. Anasubiri kazi iwe nzuri kwanza. Na kwa kuwa bila msaada haiwi nzuri, haitumi kabisa, na anabaki kuangalia picha za wachache ambao wameshakuwa mafundi, anaona yeye tu ndiye hajui.

Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha kujua kama grupu ni zima au ni gonjwa. Usihesabu watu, usihesabu laiki, ingia kaangalie mara ya mwisho mtu kutuma kitu kilichoharibika ilikuwa lini. Kama ni jana, na chini yake kuna majibu sita ya watu wanaotafuta kosa liko wapi, hilo grupu linaishi. Kama unapanda juu wiki tatu nzima huoni hata picha moja ya kitu kibovu, kila kitu kinang'aa, kila komenti ni moto na makopa, hapo watu wameshaacha kufanya kazi pamoja, wanatazamana tu.

Na simsemi vibaya yule anayekaa kimya anaangalia. Wapo wengi, kila grupu wao ndio wengi, na admini mwenye hasira huwa anawatishia kuwatoa. Ukiongea nao wanakwambia wanasoma kila kitu. Kosa la duara mtu akishaliona likirekebishwa kwa mwenzake mara nne anakuwa amelijua kabla hajashika sindano. Barazani pia palikuwa na watoto waliokaa tu.

Kingine ambacho naona kimefanya kazi kubwa kuliko tunavyokisifu ni sauti. WhatsApp waliweka ujumbe wa sauti mwaka 2013 na kwa watu wetu hiyo ilifungua mlango, kwa sababu maelekezo ya kazi ya mkono ni magumu mno kuandika lakini ni mepesi kusema. Mama aliyeishia darasa la saba, ambaye kuandika sentensi tatu kwenye simu kunamchosha, anashika kile kimaiki anaongea dakika mbili, "shika uzi kwa kidole cha shahada, usiukaze, ukikaza kitambaa kitakuwa kigumu kama turubai", anaeleza na anacheka na mtoto anasikika akilia nyuma, na hakuna kitabu kitakachokupa hiyo. Sauti inakula bando kidogo ukilinganisha na vidio. Na kubwa zaidi, imewarudisha wakubwa kwenye nafasi ya ualimu, manake mambo mengi ya mtandaoni yanawaacha nje na hapa wao ndio wanaojua.

Sasa niseme upande wenye hatari, na hapa nahama kwenye kufuma, kwa sababu uzi ukiukosea unafumua lakini sabuni ukiikosea unaungua. Magrupu ya sabuni ni mengi sana kwetu, Tanzania na Kenya yote, na mle ndani fomula zinazunguka zikiwa zimekatwa vichwa na miguu: "kostiki kikombe kimoja, mafuta lita mbili, maji kiasi". Hiyo si fomula. Kila mafuta yanahitaji kiasi chake cha kostiki soda, ile kemikali kali inayounguza, ili yageuke sabuni. Kilo 1 ya mafuta ya nazi inahitaji karibu gramu 183 za kostiki safi, na watengenezaji makini wanapunguza kama asilimia 5, wanaweka gramu 174 hivi, ili mafuta kidogo yabaki kulinda ngozi. Kilo 1 ya mawese inahitaji karibu gramu 141 tu. Sasa mtu ameokota fomula ya nazi, nazi imepanda bei, akaweka mawese kwa kipimo kilekile, maana yake zaidi ya gramu 30 za kostiki zimebaki mle kwenye sabuni hazina mafuta ya kuzimaliza, na hiyo ndiyo sabuni atakayomwogeshea mtoto. Na kikombe hakisaidii, kwa sababu kostiki ya vipande na ile ya chenga hazijai kikombe kwa uzito sawa. Inatakiwa mizani ya jikoni, miwani, glavu, na kostiki ndiyo inamiminwa kwenye maji, kamwe usimimine maji juu ya kostiki, itachemka ghafla ikurukie usoni. Ikikugusa, maji mengi yanayotiririka kwa muda mrefu, achana na habari za kupaka siki.

Watu wanaitumia hii hatari kusema magrupu hayafai, waachiwe wataalamu. Mimi nasema hapana, hatari haiko kwenye grupu, iko kwenye fomula isiyo na watu wa kuihoji. Nimeona grupu zuri la sabuni likifanya kazi na linapendeza kulitazama: mtu anatuma picha ya vipande vyake, juu kuna unga mweupe na chini kumetoka majimaji, na kabla ya pole yoyote swali la kwanza ni "ulipima kwa nini?", la pili "mafuta gani, umeyanunua wapi, yalikuwa yamechanganywa?", la tatu "uliikata baada ya muda gani?", halafu mmoja anamwambia asimpe mtu yeyote hiyo sabuni mpaka wajue. Lile grupu lina utaratibu kwamba fomula bila gramu haipandishwi, admini anaifuta, haijalishi imetumwa na nani. Humo ndani sabuni ya mche inakaa wiki 4 mpaka 6 ikikauka na hakuna anayelalamika, kwa sababu wote wanasubiri pamoja na kila mtu anajua za mwenzake zimefikisha wiki ya ngapi. Mtu peke yake angeanza kuiuza wiki ya kwanza.

Hapo ndipo ninapotaka kugombana kidogo na sisi wenyewe, hasa Tanzania. Tuna ugonjwa wa kugeuza kila kitu fursa. Mtu hajamaliza hata kitambaa kimoja, ameshaambiwa "hii ni biashara dada, changamkia". Magrupu yanaanzishwa kwa jina la ujasiriamali toka siku ya kwanza, kuna ada ya kuingia, kuna ya kupata PDF, kuna darasa la pili la "siri ambazo hawakwambii", na mwanafunzi wa mwezi uliopita mwezi huu ni mwalimu anafungua grupu lake naye atoze. Mwisho wa siku watu wote mle wanauziana mafunzo na hakuna anayetengeneza sabuni.

Ninaelewa sana pesa inatoka wapi kwenye hii hadithi. Maisha ni magumu, mtu ana watoto, hela ya uzi ametoa kwenye hela ya mboga, lazima ajiulize inarudi vipi. Vikoba na vyama vimesimamisha wanawake wengi kwa kazi hizihizi za mikono, na SIDO, shirika la serikali ya Tanzania, toka 1973 imekuwepo kwa ajili ya viwanda vidogo. Kwa hiyo simlaumu anayeuza. Ninachosema ni kwamba siri na kusaidiana havikai chumba kimoja. Siku fomula inapokuwa mali ya kuuzwa, mwenye kujua anaacha kujibu maswali hadharani, anakwambia "njoo inbox", na inbox ndipo grupu linapofia, kwa sababu lile jibu ambalo lingesomwa na watu mia limesomwa na mmoja. Na aliyekwama anaona aibu kuonyesha kazi mbovu, manake waliomo ni wateja wake watarajiwa, atawaonyeshaje sabuni iliyokatika? Biashara inataka kila kitu kionekane kizuri na kumaliza kazi kunataka ubaya uonekane mapema, na ukilazimisha vyote viwili mahali pamoja kinachoshinda siku zote ni biashara. Watenganishe. Kuwe na grupu la kutengeneza, na soko liwe pengine, watu walewale waende huko wakiwa na vitu vilivyokwisha.

Wapo pia wanaosema hakuna haja ya kujisumbua, vitambaa vya makochi vipo Kariakoo bei rahisi kuliko hata uzi wenyewe. Ni kweli kwa vitu vingi. Lakini kwa krosheti kuna jambo ambalo ningependa kila mtu alijue. Sweta inaweza kufumwa na mashine, na hilo si jipya, Mwingereza William Lee alitengeneza mashine ya kufuma soksi mwaka 1589. Krosheti mpaka sasa haina mashine yake ya namna hiyo viwandani, viwanda vinafuma vitu vinavyofanana nayo tu, krosheti halisi unayoiona popote, hata ile ya bei ya kutupa, imefumwa na mikono ya mtu. Kwa hiyo ukiiona blauzi ya krosheti inauzwa kwa hela ya chipsi, kuna mtu mahali fulani amelipwa kidogo kupita maelezo. Aliyemaliza hata moja kwa mkono wake mwenyewe hawezi tena kuibishia bei mfumaji, anajua masaa yake. Naliona hili kwenye magrupu, wanachama wenyewe ndio wanaowakataza wenzao kuuza kwa bei ya hasara, wanamwambia "hesabu na usiku wako, usihesabu uzi tu".

Huko nje wameenda mbali kidogo na kuna kitu kimoja tungeweza kukichukua kwao. Mwaka 2007 Jessica na Cassidy Forbes, wanandoa wa Marekani, walianzisha Ravelry, mahali pa wafumaji wa krosheti na wa sindano mbili, na wameingia watu kwa mamilioni. Kilichonivutia pale si ukubwa. Kila anayefuma mchoro fulani anaweka kazi yake chini ya mchoro huohuo, uzi aliotumia, sindano namba ngapi, alichobadilisha, palipomsumbua. Kwa hiyo unapotaka kuanza kofia unaona kofia hiyohiyo imefumwa na watu mia kadhaa wenye mikono tofauti, iliyokuwa kubwa mno, iliyobana, ya aliyetumia uzi mnene akapunguza vishono, na unajua kabisa kwamba mzunguko wa kumi na mbili kila mtu umemsumbua. Mtu aliyekwama miaka kumi iliyopita anakuokoa leo.

Wafumaji wa huko wana pia utaratibu wa kufuma kwa pamoja blanketi moja, mchoro unatolewa kipande kwa kipande, wiki hii kipande cha kwanza, wiki ijayo cha pili, wote wanakwenda sambamba. Wa kwetu wameshaanza kuiga na nawapongeza, kwa sababu inagusa palepale penye shida: kukwama kwako kunakuwa kukwama kwa wengi wiki hiyohiyo, swali lako limeshaulizwa na mwenzako asubuhi, na kuna tarehe. Tarehe ni kitu kikubwa. Mtu anayejua Jumapili saa kumi kila mmoja anatuma picha ya alipofikia, hata kama ni mistari minne tu, hiyo mistari minne ataifuma.

Sisi kumbukumbu hatuna. Maarifa yetu yako kwenye chati za WhatsApp, simu ikiibiwa yamekwenda, admini akibadilisha laini yamekwenda, grupu likijaa linafunguliwa jipya na miaka mitatu ya maswali na majibu inabaki kule hakuna atakayeifungua. Swali la duara linajibiwa upya kila wiki na watu walewale wanne mpaka wanachoka, na wakishachoka wananyamaza, ndiyo wale ambao baadaye tunajiuliza wamepotelea wapi. Na kuna hasara mbaya kuliko hiyo. Mitindo ya ukili, majina yake, mpangilio wa rangi, namna ya kugeuza kona ya mkeka, viua vya kofia, hivi vyote sasa hivi vinapita kwenye voisi za bibi na mashangazi ambao wameingizwa kwenye grupu na mjukuu wao, na zile voisi zinafutwa simu ikijaa.

Kwa hiyo ombi langu kwa maadmini ni dogo na linawezekana kwa simu hiyohiyo. Acheni kuongeza watu, arobaini au hamsini wanatosha, wakizidi gaweni. Wekeni siku moja ya kuonyesha alipofikia kila mtu, na anayeonyesha kazi iliyoharibika ajibiwe kwanza kabla ya anayeonyesha nzuri. Fomula bila gramu ifutwe. Na mwenye grupu lenye miaka ya picha na sauti aanze wiki hii kuzitoa kule na kuziweka kwenye folda mtandaoni ambayo wanachama wote wanaifungua, kazi moja moja, kila moja na aina ya uzi au mafuta, namba ya sindano au gramu, mahali ilipokwama na aliyeikwamua alisemaje.